Nilimlazimisha Skola Ampigie Mama Yake

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijakuambia mimi ni nani, maana nikianza na mengine nitajitetea, na kujitetea najua sana.

Ni mwalimu wa sekondari hapa Songea, mwanamke, na darasa langu lilikuwa kidato cha nne. Jina langu liache. La shule nalo liache. La mwanafunzi nimelibadili, nitamwita Skola, ingawa wenzangu wakisoma hapa watamjua tu, na mimi watanijua. Basi, wanijue.

Kwetu, mtihani wa taifa ukikaribia, kidato cha nne hufanya shukrani. Wazazi wana siku yao, viongozi wa dini wanaomba, hotuba zinakuwa ndefu mpaka watoto wanasinzia. Lakini kila darasa nalo hupewa kipindi kimoja lijifurahishe lenyewe kwa soda, maandazi na michezo. Mwaka ule nikasema darasa langu litafunika yote. Nilikuwa na kiherehere, jamani! Napenda kusifiwa, siwezi kukuficha.

Nikaingia mtandaoni kutafuta michezo ya haraka ya vijana. Nikakuta ya Wamarekani, wana sikukuu yao ya shukrani na michezo kibao: mara kumbandika bata mzinga mkia ukiwa umefumba macho, mara sijui kubeba boga kwa kidevu. Nikacheka peke yangu ofisi ya walimu. Nikachukua miwili, nikaigeuza iwe yetu.

Mmoja ulikuwa wa kiberiti. Unawasha njiti, na kabla haijakuunguza vidole uwe umetaja watu unaowashukuru na sababu zake. Mwingine wa viti na muziki, huo kila mtu anaujua. Wa tatu niliutunga mwenyewe, na huo ndio ulioniponza.

Wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu shuleni. Nikasema nitatoa yangu. Mtoto anakuja mbele, anapiga nyumbani, spika iko wazi, darasa zima linasikia. Anaruhusiwa kusema neno moja tu: "Asante." Mzazi akimtambua mwanawe kwa neno hilo, mtoto anapata kalamu. Utamu wote ulikuwa mzazi asijue kuwa anasikilizwa na watu.

Mwalimu wa Kiswahili, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alinisikia nikisimulia akatikisa kichwa.

"Madam, hilo la simu acha. Kwa watu huko hujui wameamkaje."

"Mwalimu, wewe sherehe zimeshakupita," nikamjibu, na wenzetu wakacheka. Yeye akarudi kwenye daftari zake za kusahihisha.

Siku yenyewe, asubuhi, simu yangu ilinisumbua. Namba nisiyoijua. Inaita, inakatika, inaita tena. Nilikuwa nimepanda juu ya meza nabandika maputo, gundi imejaa vidoleni. Na kwenye kikao cha wazazi mimi ndiye niliyesimama nikawaambia, "Chukueni namba yangu, nipigieni saa yoyote." Saa yoyote! Nikaiweka kimya. Nikasema moyoni, huyu ni mzazi anaulizia mambo ya shukrani, atanipata baadaye.

Mchezo ulianza vizuri mno. Kijana mmoja wa Msamala alipiga, akasema "Asante," na mama yake akamjibu papo hapo, "Asante ya nini? Umevunja nini tena huko?" Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwingine baba yake akamwita jina la kaka yake. Tulicheka mpaka machozi. Nikajiona mimi ndiye mwalimu.

Ikafika zamu ya Skola.

Skola alikuwa mkimya, anakaa bweni, kwao Madaba. Msichana wa kushika nafasi za juu bila kelele, ndoto yake unesi. Mwanzoni mwa muhula alinifuata akaniambia baba yake anaumwa, amelala ndani. Nikamwambia, "Mungu yupo, wewe soma." Kisha nikasahau. Kweli nilisahau, na hilo ni kosa jingine.

"Madam, naomba mimi nisipige," akasema akiwa amekaa.

"Kwa nini?"

"Basi tu, Madam."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuishia! Mtoto amesema basi tu, ametazama chini, wewe mtu mzima unataka nini tena? Lakini darasa lilikuwa limechangamka na mimi nimechangamka kuliko wao. Nikasema kwa sauti, "Unamwonea aibu mama yako? Au kwa kuwa ataongea Kingoni?"

Wakacheka. Wakaanza kupiga madawati, "Sko-la! Sko-la!" Na mimi nikawapigia makofi, Mungu anisamehe.

Akaja mbele. Namba ya mama yake alikuwa nayo kichwani. Akabonyeza polepole, akaweka simu mezani, akasubiri huku anapangusa viganja kwenye sketi.

Simu ikapokelewa upesi sana. Skola akafungua mdomo, lakini mama akamtangulia.

"Haloo, mwalimu? Afadhali umepiga, nimekutafuta toka asubuhi. Mwalimu, baba Skola ametutoka alfajiri. Tunazika kesho. Sasa naomba mtoto asijue. Mwenyewe marehemu alisema, nikifa msimwite, mwacheni afanye mtihani wake. Nisaidie tumfiche, mwalimu. Akimaliza nitamweleza mwenyewe."

Ile namba ya asubuhi ilikuwa ya mama Skola! Aliona namba yangu, akajua nimerudisha simu yake.

Wewe unajua kwetu tunavyofanya. Mtoto akiwa na mtihani wa taifa, msiba unafichwa. Ukoo mzima unabeba siri hiyo, majirani wanaonywa, walimu wanaombwa. Wengine wanaona ni ukatili, wengine wanaona ni huruma. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba haikuwa juu yangu kuamua, na mimi niliamua kwa maputo na soda.

"Mwalimu? Unanisikia?" mama akauliza.

"Mama, ni mimi," akasema Skola.

Sitakueleza sauti aliyoitoa yule mama. Siwezi. Nilikuwa nimesimama pale na mfuko wa kalamu za zawadi mkononi, na darasa zima linanitazama, na sikujua hata pa kubonyeza kuikata ile simu. Aliyeikata ni kijana wa Msamala. Wasichana wawili wakamshika Skola kabla hajafika chini.

Jioni ile nilimpeleka kwao mwenyewe kwa basi la Njombe. Nilimpa maji, akayashika tu. Tulipofika Madaba wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, walipomwona wakapaza kilio upya, na wapo walioulizana kwa sauti, "Nani amemwambia? Nani?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Skola alizika, akarudi, akakaa kwenye mtihani. Nilikuwa nikipita kwenye korido namwona dirishani, kichwa kiko juu ya dawati, kalamu imelala. Mtoto wa nafasi za juu! Matokeo yalipotoka alipata daraja la nne. Unesi ukaishia hapo, angalau kwa sasa. Nililia ofisini kama mtoto, na yule mwalimu wa Kiswahili hakunisema hata neno. Afadhali angenisema.

Nikapiga moyo konde, nikaenda Madaba kuomba radhi. Nilimkuta mama Skola uani anapura maharage. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda, akaagiza niletewe ugali. Nikapiga magoti, akaninyanyua.

"Mwalimu, mimi nilikusamehe zamani," akasema. "Ila nikuambie kitu, usije ukakisikia kwa watu. Mume wangu aliposema tumfiche mtoto, nilimwuliza, sasa kule nani atamwangalia? Akaniambia, mwalimu wake yupo. Mpigieni mwalimu, yeye atajua la kufanya."

Ugali ule sikuweza kuumeza. Mtu anakata roho, ameniachia mtoto wake, hata sura yangu haijui vizuri! Na mimi niko juu ya meza nabandika maputo.

Skola alinisindikiza mpaka barabarani. Amekonda, lakini ana adabu ileile. Nikamwambia nitakuwa nakuja mwishoni mwa wiki kumfundisha ili arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilikuwa nimeipanga hotuba nzima kichwani.

"Hapana, Madam," akasema. "Nashukuru."

Nilitaka kumbembeleza. Nilitaka kumwuliza sababu. Nikajizuia, nikapanda gari, nikalia mpaka Songea.

Nasikia atarudia, anafundishwa na binti wa jirani yao. Namwombea. Zaidi ya hapo sina haki ya kujua.

Walimu wenzangu, na nyie viongozi wa vijana makanisani na misikitini mnaotafuta michezo ya sherehe, chezeni. Chezeni viti, washeni viberiti, watoto wacheke, mtihani unawatisha na kucheka kunawasaidia. Lakini nyumba ya mtu msiifungulie spika. Na mtoto akisema sitaki, msimwulize sababu mbele ya wenzake. Sababu anayo, na huenda hata yeye hajaijua yote. Mwacheni akae.