Shimo la Mabua la Fundi Cherehani

Ilikuwa mwaka ule wa ukame. Hapana, ngoja niseme vizuri: ukame ulikuwa mwaka uliotangulia, mke wa fundi akiwa bado hai. Huu ni ule uliofuata, mvua ilipodokoa tu na mahindi yakatoka mabua matupu. Nakumbuka kwa sababu nilipofika na baiskeli yangu ya kunolea visu, aliyenifungulia mlango alikuwa fundi mwenyewe. Miaka yote alikuwa akifungua mkewe.

Fundi alishona sare za shule. Cherehani ilikaa kibarazani, na mkabala wake kiti cha marehemu, ambacho alikirundikia vitambaa kisionekane kitupu. Siku hiyo alinipa mkasi ninoe, kama kawaida, halafu akanipa na panga.

"Panga la nini, fundi? Umeacha nguo, umehamia bucha?"

"La kukatia mabua. Na bucha usiitaje, yule anasikia."

Yule alikuwa ng'ombe nyuma ya nyumba, mzee, mifupa ya nyonga imechomoza, meno yamelika. Alikuwa wa marehemu, amemlea tangu ndama. Kila mama yule alipomwekea chakula alimnong'oneza kitu sikioni, ndipo ng'ombe alipoanza kula. Tangu mazishi alikuwa akitafuna mabua na kuyatema mabonge mabonge. Mtoto wa fundi, anayekaa mbali, alikuwa akipiga simu: baba, muuze kwa mchinjaji kabla hajakufia, kisha uje ukae na sisi.

"Nikienda huko nitakuwa mgeni wa wajukuu," fundi aliniambia, huku akizungusha gurudumu la cherehani bila kitambaa. "Hapa, asubuhi kuna mtu ananingoja."

Kumwita ng'ombe mtu, sikucheka.

Bwana mifugo alikuwa amempa maarifa. Mabua makavu, alimweleza, yana nyuzi ngumu zilizoshikana, na tumbo la ng'ombe mzee haliziwezi. Ukiyakatakata, ukayanyunyizia maji yenye mbolea ya urea kwa kipimo, ukayashindilia shimoni na kuyafunika yasipate hewa, baada ya wiki kadhaa ule mvuke wake mkali unazilegeza nyuzi na ng'ombe anapata cha kula. Kipimo kikizidi, unamuua.

"Kumbe ni kufumua mshono tu," fundi akasema.

Kufumua alikuwa anakujua. Akachimba shimo, akapima kama alivyoelekezwa, akashindilia kwa miguu. Plastiki kubwa hakuwa nayo. Alikuwa na vipande vya mifuko. Akafanya alichokijua: akaviunganisha kwa cherehani, mshono mara mbili, nadhifu, hata pindo akakunja.

Niliporudi kunoa tena, nilimkuta kasimama kando ya shimo na bwana mifugo. Mabua yalikuwa meusi, yana ukungu, hayafai hata kulaliwa.

"Fundi," bwana mifugo akasema, "hapa umeshona chujio. Kila tundu la sindano limetoa mvuke na kuingiza hewa."

"Lakini mshono wenyewe haujaachia."

"Haujaachia. Mzee wangu, ungekuwa wa suruali ningekulipa."

Wakacheka wote wawili. Bwana mifugo alipoondoka, kicheko cha fundi kikakatika ghafla, akabaki akitazama jua likipenya matundu yale. Mtoto alikuwa ameshasema mchinjaji atapita mwisho wa msimu.

Mabua mengine yalibaki machache, ya shimo moja tu. Tuliyeyusha mishumaa kwenye sufuria kuukuu. Mimi nikavuta plastiki, yeye akapitisha nta juu ya kila mshono, polepole, ulimi umetoka nje kidogo kama anayetunga uzi.

"Maisha yangu yote kazi ni kutoboa," akasema. "Leo ndiyo naziba."

Siku ya kufungua nilijitahidi niwepo. Harufu ilitupiga usoni hadi macho yakachuruzika machozi.

"Usinitazame," akasema, "ni urea hii." Mimi yangu yalikauka mapema. Yake yaliendelea.

Mabua yalikuwa na rangi ya kahawia, laini. Tuliyatandaza yapigwe upepo mpaka ukali ukaisha, akambebea ng'ombe kwenye karai. Ng'ombe akanusa, akageuza shingo. Simu ikalia kwenye mfuko wa shati la fundi. Akaiacha ilie. Akasogea, akamshika ng'ombe shingoni, akaweka mdomo sikioni mwake na kunong'ona kwa muda mrefu. Nilikuwa kwenye ua, sikusikia neno. Ng'ombe akainamisha kichwa akala, na safari hii hakutema bonge hata moja.

Ndipo fundi akampigia mtoto. "Anakula," akasema. Akasikiliza. "Haya, mwanangu. Wasalimie wajukuu." Mchinjaji hakupita, na simu nazo zikapungua, maana mara nyingi zilikuwa za kumuulizia ng'ombe.

Misimu iliyofuata niliwakuta wote wawili, na shimo limefunikwa vizuri. Nilimuuliza juu ya mnong'ono ule nikiwa namnolea mkasi; akakanyaga cherehani kwa nguvu, kelele ikanifunika. Alipofariki nilimuuliza mtoto wake, akanitazama kama nimepotea njia. Nami bado nauliza, hata nikiwa peke yangu barabarani: fundi, ulimnong'oneza nini yule ng'ombe?