Hansigne, Mpiga Mbwa wa Kisiwa Chetu

Hansigne ndiye anayepiga mbwa risasi kisiwani kwetu, huku kaskazini kwenye barafu. Kijiji kilimpa kazi hiyo baada ya mumewe kufa maji, na hakuna mwingine aliyeitaka. Sheria ni fupi: mbwa mkubwa akionekana hana mnyororo, anauawa papo hapo, na haulizwi ni wa nani. Watu hula kwake, hucheka naye, halafu akipita na bunduki begani wanamgeuzia mgongo. Mimi ni Juditte, jirani yake, na ulimi wangu hauna breki, kwa hiyo nasema: wanafiki wakubwa. Wote wanajua kwamba mbwa wa kukokota sleji, lile gari la theluji lisilo na magurudumu, akiona mtu ameanguka chini, hamhesabu tena kuwa mtu.

Zamani alimpiga risasi mbwa wa mdogo wake, Enok, yule kiongozi anayewatangulia wenzake kwenye sleji, alipomkuta hana mnyororo. Enok alimvunja meno ya mbele kwa ngumi, hadharani mbele ya duka, kisha akafunga mbwa waliobaki kwenye sleji na kuhamia kisiwa cha pili, ng'ambo ya barafu. Ndugu zao wengine wote wamekufa. Siku moja, akimchuna sili wa baharini jikoni, Hansigne aliniambia, "Nataka kitu kimoja tu, Juditte. Aingie humu, ale, atoke. Basi."

Mwaka huu Enok alikuja. Ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Hansigne, katikati ya majira ambayo jua halichomozi kabisa, na upepo ulikuwa umeanza kung'oa mabati. Alitokea gizani na sleji yake, ndevu zimeganda barafu, mbwa mbavu nje kwa njaa. Hakusalimia. Alianza kuwafunga kwa kamba za ngozi ya sili.

"Ngozi hiyo wataitafuna," Hansigne alisema. "Chukua minyororo yangu."

"Baba alifungia ngozi maisha yake yote."

"Mbwa wa baba walikuwa wameshiba, mdogo wangu."

"Umeanza, dada? Sijafika hata mlangoni umeshaanza? Nigeuze nirudi?"

Hansigne akamfungulia mlango. Mtu mwingine yeyote angefokewa mpaka afunge minyororo. Nilimwona akimeza maneno, nikamwelewa, na bado namlaumu.

Enok akaingia, akavua buti, akapewa kahawa. Hansigne alikuwa amevaa vazi lake la sherehe, shanga tele mabegani, akamkatia keki. Nikainuka kwenda kwangu kuchukua sinia la ngozi ya nyangumi, chakula chetu cha sherehe.

"Fanya haraka," aliniambia, "kabla hajakumbuka kuwa ananichukia."

Enok akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko chake tangu ahame.

Niliporudi, upepo ulinipiga ubavuni, nikateleza, sinia likaruka, nikaanguka kifudifudi juu ya chakula. Sikusikia hata mbweko mmoja. Wa kwanza alinishika paja, wa pili bega, na nikasikia nyama yangu ikichanika kama kitambaa kikuukuu. Mwingine alinivamia kichwani akaondoka na sikio langu la kushoto. Vipande vya kamba za Enok, zilizotafunwa, vilikuwa vinaning'inia shingoni mwao. Vurugu ile iliwapandisha wazimu mbwa wa Hansigne pia. Kiongozi wao, Kajo, aling'oa kigingi cha mnyororo wake akaja kujitupa katikati yetu. Mpaka leo sijui alikuja kuniuma au kuniokoa.

Hansigne alitoka na vazi lake la shanga, bunduki mkononi. Risasi ya kwanza ilimwangusha Kajo, mbwa wake mwenyewe, aliyemlea kwa kumtafunia nyama tangu akiwa kitoto. Zilizofuata ziliwaangusha wawili wa Enok juu ya miguu yangu, damu ikanirukia usoni ingali moto. Kati ya walioniuma akabaki Nukka, mbwa kiongozi wa Enok, mdomo umejaa damu yangu. Alikimbia kujibanza miguuni mwa bwana wake, aliyekuwa ametoka mbio na mjeledi wake.

"Huyu hapana!" Enok alipiga kelele. "Dada, huyu hapana! Nitarudije nyumbani bila yeye?"

"Sogea, mdogo wangu."

"Ulishaniua mara moja!"

"Sogea."

Enok alimpiga mdomoni kwa mpini wa mjeledi. Hansigne akaanguka magoti, akatema damu, akasimama, akaingiza risasi nyingine. Enok aliinua mpini tena, na hapo ndipo alipomwona Kajo kwenye theluji, mnyororo na kigingi vikiwa bado shingoni. Mkono ukashuka taratibu. Akasogea. Bunduki ikalia, na Enok akaangua kilio ambacho sitaki kukisikia tena.

Hakurudi ndani. Alilala kanisani, kwenye benchi. Mimi nilishonwa juu ya meza ya Hansigne, katikati ya vikombe, naye amenishikilia huku akilia waziwazi.

"Ningezikataa zile kamba," alisema. "Ningezikataa tu, Juditte."

"Ndiyo, ungezikataa," nilimjibu. Sikuwa na huruma ya kugawa usiku ule.

Upepo ulipotulia, Enok alifunga mbwa kwenye sleji. Wale waliobaki, ambao kamba zao hazikukatika usiku ule, walizunguka, wakang'atana, wakalala chini. Hakuna aliyekubali kutangulia. Watu walichungulia madirishani na hakuna aliyetoka. Hansigne akatoka, mdomo umevimba, amevaa suruali yake ya ngozi ya dubu. Aliwapita mbwa, akasimama mbele yao juu ya barafu, akawaita.

"Unakwenda wapi?" Enok aliuliza.

"Kwako. Watanifuata mimi."

"Ni mbali kwa miguu, dada."

"Ndiyo maana naondoka sasa."

"Sijakukaribisha."

"Na mimi sijaomba. Shika sleji yako."

Nilijiburuta hadi dirishani na bandeji zangu. Taa ya Hansigne ilitangulia gizani, mbwa wakaifuata, na taa ya Enok ikaja nyuma, juu ya sleji. Zilipokaribia kupotea, ile ya nyuma ilishuka, ikawapita mbwa, ikaenda kando ya taa ya Hansigne. Zikaendelea pamoja.