Moto Uliopasua Ukuta

Udongo ulikuwa mweusi, na nilijua. Mtu yeyote aliyekulia upande wa Ruiru anajua kwamba udongo mweusi ukilowa huvimba na ukikauka hupasuka. Udongo mwekundu ulikuwa ng'ambo ya mto, na sisi tulikuwa tunapewa saa moja tu mchana kwa mambo yote: maji, kuni, chakula, na hizo nyumba tulizoamriwa kujenga. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni dhidi ya wapiganaji wa msituni. Askari wao walikuwa wanabomoa nyumba zetu za zamani moja moja na kutuhamishia kwenye kijiji kimoja kikubwa kilichozungukwa na handaki, na hilo handaki tulilichimba wenyewe, wanawake, tangu asubuhi mpaka firimbi ilie. Mume wangu alikuwa amechukuliwa kizuizini. Kwa hiyo nilichota udongo uliokuwa miguuni pangu nikakandika ukuta.

Tulikuwa watatu katika nyumba hiyo: mimi, mama mkwe wangu, na binti yangu wa miezi minne. Mama mkwe alikuwa mzee, hawakumpeleka handakini, ndiye aliyebaki na mtoto mchana. Nisimsifu kupita kiasi. Alikuwa mkali, na mimi pia sikuwa malaika. Tulikuwa tunaheshimiana kwa maneno na kuchukiana kwa vyombo, maana kila mmoja alikuwa anaosha tena sufuria iliyooshwa na mwenzake.

Kwetu nyumba mpya ilikuwa inaingiwa siku ileile ilipomalizika, na moto ulipaswa kuwaka humo kabla ya jua kutua, tena moto uliotoka kwenye meko ya nyumba ya zamani. Ukizimika siku za mwanzo, ni balaa kwa familia nzima. Siku ya kuhamishwa mimi nilibeba mtoto na matandiko. Mama mkwe alibeba makaa kwenye chungu kilichovunjika mdomo, ameyafunika kwa jivu, wala hakugeuka kutazama paa lake likianguka. Jioni ile ukuta ulikuwa bado unatoa maji, na moto wetu ulikuwa unawaka. Nakumbuka nilijisikia fahari. Nilikuwa mjinga kama yeye.

Siku ya tatu nikaona ufa wa kwanza, mwembamba, juu ya kitanda. Kufikia mwisho wa wiki ningeweza kupenyeza kidole. Halafu ikaja baridi ya Julai, ile ya manyunyu na mawingu ambapo huoni jua siku kumi, na upepo ukaanza kupita ndani ya nyumba kama uko barabarani. Mtoto akaanza kukohoa. Kila alipokohoa, mama mkwe aliongeza kuni.

Mimi nilikuwa naziba nyufa. Saa yangu moja ya mchana yote niliimalizia hapo. Nilikuwa nachanganya udongo na samadi, nausukuma kwenye ufa kwa vidole, nalainisha kwa kiganja. Kesho yake nilikuta udongo umeanguka kitandani na ufa umepanuka, na pembeni yake nyufa nyingine mbili. Nikaziba, ukafunguka. Nikaziba tena, ukafunguka tena. Kuna siku niliupiga ukuta ngumi nikitukana matusi ambayo sikujua kwamba nayajua, na mama mkwe akamfunika mtoto masikio.

Kumpeleka mtoto kwa jirani hatukuweza. Kila nyumba ilikuwa na watu wake walioandikwa, na askari walikuwa wanahesabu. Niliomba kibali, nikaenda naye zahanati. Mhudumu akasikiliza kifua, akanipa dawa ya chupa, akasema, "Mama, mtoto asipigwe na upepo." Nilicheka mpaka yule mhudumu kijana akaogopa. Njiani nikakaa kwenye majani, nikalia kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kwamba mtoto wangu atakufa na mimi nitakuwa pale nikimtazama, mikono imejaa matope.

Aliyeniokoa, kama ni kuokolewa, ni mama mmoja kutoka magharibi ya nchi ambaye mumewe alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa. Wao, kwa kuwa hawakuwa wa kabila letu, walikuwa huru kutembea. Tulikutana mtoni, nikiwa nachota maji ya kukorogea udongo, akaniuliza matope yaliyo mikononi mwangu kila siku ni ya nini. Nikamweleza.

"Na ndani munawasha moto?"

"Mchana na usiku. Mtoto ni mgonjwa."

"Ehe. Basi hiyo moto yenu ndiyo inapasua nyumba. Upande wa ndani inakauka mbio, nje bado maji. Zima. Wacha ikauke na upepo, pole pole."

Akanionyesha kichuguu kando ya ua la shamba. Akasema udongo wa kichuguu haupasuki ovyo, niupanue kila ufa kwa panga, niulowanishe kwanza, nijaze, niuache siku kadhaa ndipo nikandike mara ya pili. Alinisaidia hata kuchimba.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama mkwe, "Maitu, huu moto uzimwe."

Hakuinua kichwa. "Huu moto niliukuta kwa mama mkwe wangu. Mwanangu akirudi nitamwambia nini?"

"Mwambie mtoto wake aliuawa na moto wa nyanya yake."

Nilisema hivyo. Nilimwambia mama mzee maneno hayo, na nilitaka yamuume. Alimtazama mtoto. Halafu akasimama, akachukua maji niliyoleta kutoka mtoni, akaumwagia moto mwenyewe.

Nilifanya kama nilivyoelekezwa. Nilipanua nyufa mpaka nyumba ikawa mbaya kuliko mwanzo, nikazijaza, nikaacha. Chakula tulipikiwa na jirani. Ndani kulikuwa na baridi ya kaburini, ukuta umelowa, na pale udongo mpya ulipokutana na wa zamani upepo bado ulikuwa unapenya. Mama mkwe alihamia kitandani pamoja na mtoto. Alikuwa anakaa amempakata kifuani chini ya shuka, mgongo wake ameuegemeza ukutani, pale penye ufa mkubwa. Nilipotoka asubuhi alikuwa hapo, nikirudi kutoka handakini nilimkuta hapo. Hakunisemesha siku nne. Nilidhani amenuna kwa ajili ya moto wake, na mimi nikanuna vilevile. Nilikuwa naweka chakula karibu naye, naondoka.

Siku ya tano mtoto alinyonya vizuri, akalala bila kukohoa. Nikafurahi mpaka nikasahau kununa, nikamwita mama mkwe ainuke aone ukuta ulivyoshika. Hakuweza kuinuka. Nilipomsogeza, shuka lake la mgongoni lilikuwa gumu kwa udongo na limelowa hadi kwenye ngozi. Alikuwa amekaa hivyo siku zote hizo ili upepo umpate yeye kwanza. Hakuwa amenuna. Alikuwa hana pumzi ya kusema.

Tulimzika kabla ya wiki kuisha, kwa kibali, watu wanne tu.

Ukuta haukupasuka tena. Lakini juu ya kitanda palikuwa na bonde kwenye udongo, upana wa mgongo wa mama mzee, na ukitazama kwa karibu uliona nyuzi za shuka zimejichora. Askari wa kukagua nyumba alipopita aliniamuru nipasawazishe, kwa sababu nyumba zilitakiwa zipendeze. Nikamjibu, "Ndiyo, bwana." Kesho yake nikakoroga udongo, nikapanda kitandani, nikaweka kiganja pale. Nikamwambia mama mkwe pole, ambayo ningeweza kuisema siku yoyote kati ya zile nne, akiwa anasikia.