Bampa la Mzee Msasa

Alipaka magari rangi kwa miaka thelathini na tisa, na jina la Msasa alipewa na mafundi wenzake kwa sababu hakuwahi kumwachia mtu mwingine kazi ya kusugua. Vidole vyake vilisuguana na bati mpaka alama zikafutika. Siku aliponunuliwa simu ya kufungua kwa kidole, simu ilimkatalia vidole vyote kumi, na mkewe akacheka hadi akashika mbavu. Huyo mkewe alikuwa amesomesha darasa la kwanza maisha yake yote. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mumewe naye alimwita hivyo hivyo.

Mwaka ambao Mzee Msasa alitimiza miaka sitini na sita, Mwalimu alipigwa na kiharusi akiwa anaanua nguo. Upande wa kushoto ukalala, mkono na mguu. Maneno yalibaki, ila yalitoka polepole, moja moja. Daktari akasema mguu unaweza kuamka iwapo atafanya mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki bila kukosa. Kliniki ya mazoezi ilikuwa upande wa pili wa mji.

Hapo ndipo shida ya gari ilipoanza. Mzee alikuwa na pikapu ndefu kwenda juu, ya kubebea vifaa, na bega lake la kulia lilikuwa limekwisha kwa kushika bunduki ya rangi. Hakuweza kumnyanyua mkewe mpaka kwenye kile kiti cha juu. Teksi walizojaribu zilikuwa ndefu vilevile, na madereva walimshika Mwalimu kama gunia, wakimwomba radhi huku wakimbana makwapa. Mwishowe mzee akabadilishana gari na kijana mmoja mteja wake wa zamani: yeye atoe pikapu, kijana atoe gari lake la chini, lililokatwa springi na kushushwa mpaka tumbo likawa karibu kugusa lami.

Majirani walipoliona hawakuwa na huruma.

"Mzee, hilo gari au zulia?"

"Mwenzenu amerudia ujana. Kesho mtamwona na hereni."

Waliacha kucheka walipomwona Mwalimu akipanda. Kiti cha gari kilikuwa sawasawa na kiti chake cha magurudumu, kana kwamba vilipimwa kwa rula moja. Mzee alikuwa ameranda ubao na kuupaka vanishi mpaka ukateleza. Aliuweka kama daraja kati ya viti viwili, Mwalimu akajisukuma kwa mkono wake mzima, akateleza, akawa ndani. Hakuna aliyemshika makwapa. Mara ya kwanza alipofanya hivyo alikaa ameshika mkanda, anatazama mbele, kisha akasema, "Twende zetu."

Gari lilikuja na bampa la mbele lililopasuka na kuzibwa ovyo. Mzee akalikarabati. Daktari wa mapafu alikuwa amemkataza kabisa kugusa bunduki ya rangi, lakini aliigusa siku nne mfululizo, amefunga pua na mdomo, anakohoa, anasubiri rangi ikauke, anasugua tena. Akachanganya ile buluu kwa macho tu, bila kupima, mpaka mtu asiweze kuonyesha bampa linapoishia na bodi inapoanzia. Alijua kwamba hatapaka tena gari jingine. Hilo hakumwambia mtu.

Miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri. Kila Jumanne na Ijumaa walifika, na mama wa mazoezi, mwanamke mfupi mwenye mikono ya chuma, akamsimamisha Mwalimu katikati ya vyuma viwili na kuhesabu kwa sauti. Wiki ya kwanza Mwalimu alisimama hesabu ya mbili. Wiki ya kumi na mbili alisimama kumi na moja.

Halafu mtoto mmoja akagongwa na pikipiki karibu na kliniki. Hakufa, lakini wakazi waliomba matuta, na ilikuwa haki yao. Wakapewa matatu, marefu na makali kama migongo ya wanyama waliokonda. Mbele ya geti la kliniki ukachimbwa mfereji mpya wa maji, na juu yake likawekwa zege lililonyanyuka kuliko barabara.

Siku ya kwanza gari lilipovuka tuta, chini kulisikika mkwaruzo mrefu kama mtu anayekokota kabati sakafuni. Mwalimu akafumba macho. Mzee akashuka kutazama, na alipoona mchubuko mweupe kwenye ile buluu, akaupapasa kwa kidole.

Akajaribu kila alichokijua. Aliyaendea matuta kwa pembeni, gurudumu moja kwanza na jingine baadaye. Tuta la kwanza likakubali, la pili barabara ilikuwa nyembamba mno. Akatoa kila kitu kwenye buti ili gari lipate wepesi, haikusaidia. Ndipo akaanza kubeba mbao mbili nene. Kwenye kila kikwazo aliwasha taa za tahadhari, akashuka, akapanga mbao, akarudi, akapanda, akashuka tena kuziokota. Magari nyuma yake yalipiga honi mfululizo. Dereva mmoja wa lori alitoa kichwa dirishani.

"Mzee, kama gari limekushinda, si ulifunge kamba ulivute?"

Mwalimu alikaa ndani akiwa ameinamisha uso. Mwanamke aliyenyamazisha madarasa ya watoto sitini kwa jicho moja alikuwa sasa anatukanwa kila Jumanne na Ijumaa, na hawezi hata kugeuka amtazame anayetukana. Uso wake ulianza kukunjika kabla hata hawajafika kwenye tuta. Nyumbani, mzee alilala chini ya gari na puti na msasa, akiziba alama za siku hiyo, na mkewe akimsubiri amletee maji.

Ijumaa moja, kwenye zege la geti, mbao zilikuwa na umande. Ubao mmoja ukateleza. Pua ya gari ikadondoka, bampa likanasa kwenye ukingo wa zege. Kwa miaka yote mzee aliwaambia wateja wake kwamba ukinasa hivyo usirudi nyuma hata kwa dawa. Honi zikalia, akachanganyikiwa, akaweka gia ya nyuma. Bampa likang'oka upande mzima wa kulia likaning'inia kama taya iliyovunjika.

Mlinzi wa geti akaleta waya. Mzee akalala chini kwenye maji ya mfereji, akalifunga bampa.

"Tumechelewa," Mwalimu alisema kutoka ndani.

"Dakika kumi tu."

"Nusu saa. Naiona saa."

Walipoingia, mama wa mazoezi alikuwa ameshamchukua mgonjwa mwingine. Hakuwalaumu. Aliwaambia waje Jumanne. Njia nzima ya kurudi bampa liligonga, kap, kap, kap.

Fundi wa springi, rafiki yake wa miaka mingi, alimshangaa.

"Wewe ni mtu wa magari, unajitesa kwa nini? Nikuwekee mipira juu ya springi. Linapanda vidole vinne, matuta unayasahau."

Mzee akakubali. Vidole vinne ni kitu gani? Akarudi nyumbani kwa kuzunguka njia ya kliniki, akayavuka matuta yote bila kusikia chochote, akajiona mjinga kwa kuchelewa.

Jumanne asubuhi akaweka ubao kama kawaida. Safari hii haukulala. Ulipanda kuelekea garini, kwa vile vidole vinne. Mwalimu akajisukuma, akafika katikati, akarudi. Akajisukuma tena. Mzee akaingia garini kwa mlango wa pili, akamshika mkono na kumvuta, bega likalia ndani kama kijiti kinachovunjika, mkono ukaachia. Ubao ukachomoka. Mwalimu akaanguka kati ya kiti na gari.

Mzee alizunguka mbio, akakaa chini, akamwingizia mapaja yake chini ya kichwa. Alijaribu kumwinua mara mbili. Mara ya tatu mkono wa kulia haukujibu kabisa.

"Umeumia?"

"Sijui. Wewe?"

"Bega tu."

Wakabaki pale kwenye vumbi, magurudumu mbele ya nyuso zao. Ilikuwa saa za kazi, majirani hawapo. Mzee aliita mpaka sauti ikakauka. Mwalimu, ambaye hakulia hospitali, wala siku alipojaribu kufunga vifungo vyake akashindwa, alianza kulia kimyakimya, machozi yakiingia sikioni kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kugeuza kichwa. Mzee aliyafuta kwa kidole chake laini kisicho na alama, na mengine yakaja. Ilipita karibu nusu saa kabla mshona nguo wa nyumba ya tatu hajasikia. Alikuja mbio na mteja wake, ambaye gauni lake lilikuwa bado lina pini, na wawili hao wakamrudisha Mwalimu kwenye kiti.

Asubuhi yake Mwalimu alisema, "Usinipeleke tena."

"Nitalishusha gari. Nitatafuta njia."

"Sikusema gari. Nimesema mimi. Sitaki."

Mzee alidhani hasira zitapita. Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili, ya tatu. Mguu wa Mwalimu ukaanza kugeukia ndani. Mzee alijaribu kumfanyisha mazoezi mwenyewe, akikumbuka namna mama wa mazoezi alivyokuwa akimshika, mpaka Mwalimu akauondoa mkono wake.

"Unanisugua kama bampa."

Alisema bila kutabasamu. Mzee akatoka nje, akaingia garini, akafunga vioo, akalia peke yake mchana kweupe, paji la uso juu ya usukani. Binti yao alikuwa akipiga simu kutoka mbali kila jioni, "Baba, mama anaendeleaje?", naye alikuwa akijibu kwamba anaendelea vizuri. Sasa aliona mambo yalikokuwa yanaelekea. Aliona kitanda, na mkewe kitandani, na yeye na bega lake bovu wanazeeka wakimtazama.

Kesho yake alikwenda gereji akaamuru mipira itolewe na gari lirudi chini lilivyokuwa. Kisha akalikaza bampa mahali pake, akabandika utepe wa karatasi juu yake, kutoka kona hadi kona, vidole vitano juu ya ukingo wa chini, akaomba grinda ya kukatia.

Fundi wa springi akaelewa, akasogea nyuma.

"Ile rangi uliyopiga? Mimi siikati."

"Sikukuambia ukate."

Alikata kwa mkono wa kushoto, taratibu, plastiki ikinuka na vumbi la buluu likimrukia miguuni. Ule mdomo wa chini ulianguka mzima. Ulikuwa urembo tu, haukushika chochote. Mahali pake akapigilia kwa misumari ya ribiti ukanda mpana wa mpira uliotoka kwenye mashine ya kiwandani, ukaning'inia kama pazia. Akausukuma kwa mguu. Ulikunjika, ukarudi.

Nyumbani alimwambia Mwalimu kila kitu. Angeweza kuishia kwenye habari njema, lakini alikuwa amechoka kubeba siri.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," alisema. "Kwamba ule mdomo wa bampa ukikatwa, gari linapita. Fundi yeyote anajua."

Mwalimu aligeuza kichwa akamtazama.

"Wiki ya kwanza ya matuta?"

"Ndiyo. Sikutaka kulikata. Ndiyo rangi yangu ya mwisho."

"Mimi nikakaa mule ndani. Natukanwa. Unapanga mbao."

"Ndiyo."

"Nikaanguka."

Mzee alikaa kwenye kigoda, mikono kati ya magoti, akisubiri aambiwe zaidi, na hakuambiwa. Siku tatu Mwalimu hakumsemesha. Alikula alicholetewa, akageukia ukutani. Mzee alilala chini kando ya kitanda kama mtu aliyefukuzwa ambaye hajui pa kwenda.

Jumanne, mzee akifagia, alisikia sauti kutoka chumbani.

"Lete ubao."

Gari lilivuka tuta la kwanza, mpira ukasema fwaa chini yao. La pili fwaa, la tatu fwaa. Kwenye zege la geti kitu fulani kiligusa kwa nyuma, pengine bomba la moshi, na mzee hakushuka kutazama.

Mama wa mazoezi hakuuliza walikuwa wapi. Alimsimamisha Mwalimu kati ya vyuma, akahesabu. Moja, mbili, tatu, na goti likakatika. Akamkalisha, akaandika tatu kwenye daftari, akageuza uso kidogo ili wasimwone anavyojisikia. Mzee aliona. Mwalimu pia aliona.

"Tena," Mwalimu alisema.

Huu ni mwezi wa tano tangu siku ile. Mpira umeshachanika mara mbili na kubadilishwa. Mwalimu amefika hesabu ya nane, na mara moja tisa. Mama wa mazoezi anasema zile wiki zilizopotea hana hakika kama zitarudi zote, na mguu uliogeukia ndani unahitaji kiatu maalumu. Mzee husikiliza, akaitikia kwa kichwa. Wakati mwingine mkewe akiwa kati ya vyuma yeye hutoka nje akasimama kwenye korido hesabu inapokaribia nane.

Wamezungumza juu ya lile jambo mara moja tu, wakiwa njiani. Mzee alimwuliza kama amemsamehe. Mwalimu alifikiri mpaka wakavuka taa za barabarani.

"Bado," alisema. "Angalia mbele, tuta hilo."