Haruna, Nyoosha Mkono

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilifurahi kupita kiasi, na mpaka leo sijui kama ile furaha niitubie au niiache tu.

Mimi na Kasule tulikuwa tunapiga nyimbo za bibi zetu kwa magitaa ya umeme. Kampala nzima ilitujua. Halafu tukagombana, miaka miwili hatusalimiani. Aliyehangaika na sisi ni Haruna, fundi cherehani wa Kibuli, aliyetushonea mashati ya jukwaani.

"Mnanuniana kama wake wenza," alitucheka. "Siku mkipatana nitakuja, hata kwa kutambaa."

Lakini aliyetupatanisha si yeye. Ni Kapteni Marijani wa jeshi. Namtaja, simwogopi tena. Alituamuru tuimbe pamoja kwenye bustani ya jiji, tupigwe filamu, watu wa nje waone Uganda inacheka. Wakati huo Haruna alikuwa amejificha. Mdogo wake alikuwa ametoroka jeshi, na askari walimtaka Haruna aseme aliko.

Siku hiyo bustani ilijaa. Wengine walikuja kwa kupenda, wengine waliletwa na malori ya jeshi. Sikuweza kuwatofautisha, wote walipiga makofi.

Sasa, sisi tulikuwa na desturi yetu: katikati ya wimbo, gitaa likienda polepole, tunasalimu marafiki kwa majina na mitaa yao. Wimbo wa pili nikamwona Haruna, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Amekuja! Nikasahau kila kitu. Nikasema kwenye maikrofoni, "Haruna wa Kibuli, tumepatana, ssebo, bwana wangu! Nyoosha mkono tukuone!"

Naye, maskini, akanyoosha, anacheka. Kamera ikageuka kwake.

"Umefanya nini wewe?" Kasule akaninong'oneza. Lakini akaendelea kupiga. Na mimi nikaendelea. Hapo ndipo sijielewi, mwanangu. Macho yanaona askari wawili wanapenya kati ya watu, na mguu wangu bado unagonga mdundo. Wimbo ulipoisha, pale aliposimama Haruna palikuwa wazi. Watu wakapiga makofi.

Hakurudi Kibuli.

Marijani ndiye aliyemchukua. Kasule aliona, akanyamaza, baadaye akasema wangemkamata tu hata bila mimi. Labda. Lakini jina nililitaja mimi. Wakosaji ni sisi watatu, na nani atangulie sijui. Shule niliyosoma ni kidogo, haikunifikisha huko.

Basi sikia. Furaha ikikushika mbele za watu, tazama kwanza nani ameshika kamera, na nani amemtuma. Jina la anayekupenda si pambo la wimbo wako; likae tumboni mpaka mwenyewe akuruhusu. Majina ya kutaja kwa sauti ni ya watesi, hata ukiwa wewe ni mmoja wao.

Mungu akupe rafiki utakayemwita kwa jina lake mchana kweupe, aitike, na jioni arudi nyumbani kwake.