Kitabu cha Chuo Siku ya Sabato

Kwetu Tabaka, siku ya Sabato kitabu cha shule hakifunguliwi. Patasi zinapumzika, vumbi la mawe linatulia, na baba, mchongaji wa mawe ya sabuni na mzee wa kanisa, anakaa mbele ya nyumba akitulinda na dhambi. Mimi nilikuwa na mtihani Jumatatu: fasihi ya Kiingereza ya enzi za kati, na nilikuwa nimesoma nusu tu. Basi nikajibanza nyuma ya jiko na shairi langu. Baba akanifumania.

"Nini hicho?"

"Mambo ya Mungu, baba." Wala sikudanganya. Watu wa zama zile hata wakipiga chafya walimtaja Mungu.

"Kama ni ya Mungu, njoo usome kwa sauti."

Lo, nilijuta! Shairi lile lilihusu baba aliyefiwa na binti mdogo, hajafika hata miaka miwili. Na sisi tulikuwa na dada yangu, umri huohuo, kazikwa pale karibu na migomba kabla mimi sijazaliwa. Baba hakumtaja kamwe. Mama akianza tu kumtaja, baba huinuka kwenda kunoa patasi, na mama hunyamaza. Kwa hiyo dada yangu nilimjua kaburi tu, na iliniuma. Nilitaka nijue jambo moja lake, hata dogo.

Nikasoma, nikigeuza kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani. Kwanza nikamweleza tauni iliyofagia Uingereza, watu wakizikwa wengi shimo moja, mashamba yakikosa wa kulima.

"Pole yao," akasema, kwa dhati kabisa, utadhani ni majirani wa ng'ambo ya kilima.

Kisha nikafika kwa yule mfiwa. Anajiita fundi wa vito. Analala juu ya kaburi, anaota, anamwona bintiye ng'ambo ya mto, amevaa nyeupe, anamsemesha.

"Wafu wamelala, hawasemi," baba akanikatiza. "Mtu mzima hajui hilo?"

"Ni ndoto, baba."

"Haya, endelea."

Fundi akashindwa kuvumilia. Akajitupa mtoni avuke amfikie, akazinduka palepale kaburini, peke yake. Nikafunga kitabu. Nikangoja baba ainuke akanoe patasi. Akainuka kweli, akapiga hatua mbili, akakumbuka ni Sabato. Maskini, hakuwa na pa kukimbilia. Akarudi akaketi.

Akageukia migomba.

"Mjinga yule fundi," akasema. "Aliruka ya nini? Si angekaa ukingoni tu? Mimi ningekaa. Ningemwuliza kama bado anaogopa radi."

Akamtaja dada yangu kwa jina, polepole, mara mbili. Nikamshika mkono, mgumu kwa kazi, naye hakuuondoa. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na ndiyo kwanza najua kwamba dada yangu aliogopa radi.