Simu Ambayo Baba Hakuishika

Kwa miaka kumi na mmoja niliyofanya kazi Ghuba, laini yangu ya Kenya haikufa hata siku moja. Wenzangu tuliolala nao chumba kimoja walitupa zao mara tu walipotua, wakanunua za huko, na kila baada ya muda watu wa kwao walikuwa wakitafuta nambari mpya. Mimi nilikataa. Niliondoka Landless, mtaa wetu wa Thika, nikiwa fundi wa friji za vibanda vya soda, nikarudi na diploma ya mitambo ya baridi niliyoisomea jioni baada ya zamu, na nambari ile ile niliyoondoka nayo. Leo nina nyumba ya mawe Ruiru na kampuni inayojenga vyumba vya baridi vya kuhifadhi maua, maziwa na samaki. Sikurithi hata msumari. Nayasema haya mapema kwa sababu asiyeyajua hataelewa jinsi mtu kama mimi alivyoweza kukosea jambo dogo kama simu.

Baba aliyajua yote hayo na aliyasimulia kuliko mimi. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nguo hapa Thika tangu ujana wake, mahali ambapo mashine hazikumruhusu mtu kunong'ona, na sauti ya kiwandani alirudi nayo nyumbani. Akiomba kanisani pale Landless, waliokuwa wakifua ploti ya tatu waliitikia amina. Kwenye simu alipaza sauti zaidi, kana kwamba kuifikisha Ghuba ilikuwa kazi yake na si ya mtandao. Aliniita "baba," kwa kuwa mimi ni kifungua mimba na nilipewa jina la baba yake, kama ilivyo desturi yetu Wakikuyu. Nami nilimwita baba. Majirani walizoea kumsikia akinguruma uani: "Baba, umekula?"

Mwaka wa pili baada ya kurudi kwangu, matapeli walimpata. Ujumbe uliingia kwenye simu yake ndogo, ile ya tochi tuiitayo mulika mwizi, aliyoshiriki na mama: Baba, ni mimi, simu yangu imeharibika, natumia hii laini. Nipigie haraka. Akapiga. Akaambiwa mwanawe amegonga mtu barabarani na atafungwa jioni hiyo. Alikuwa ameshavaa koti kwenda kwa ajenti kutuma pesa wakati mama alipomshauri anipigie kwanza kwa nambari yangu ya kawaida. Nilikuwa mezani nikinywa chai.

Nilitoka Ruiru saa ile ile. Niliikusanya familia sebuleni, baba, mama na dada yangu anayeuza nyanya Githurai 45, nikatoa sheria. Nambari msiyoijua, msishike. Ikiwa ya nje ya nchi, msishike kabisa. Ujumbe wa kusema ni mimi nimebadilisha laini, ni wa mwizi.

"Na ukisafiri huko kwenu majuu?" baba akauliza.

"Hata nikiwa mwezini, baba. Mimi sibadilishi laini."

Akamwagiza dada aiandike sheria hiyo kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani. Nilifurahi. Nilikuwa nimemlinda baba yangu kwa kichwa changu, si kwa pesa.

Mwaka jana sauti yake ilianza kukwaruza. Tulidhani ni mafua, kisha tukadhani ni vumbi la kiwandani linalodai miaka yake. Daktari wa koo alipochungulia aliona uvimbe. Alitueleza bila kuzunguka kwamba ataondoa kile kisanduku cha sauti kilicho shingoni. Mzee ataishi, alisema, atapumua kupitia tundu hapa, lakini kuongea hataongea tena. Daktari huyo alifika hospitali ile siku mbili tu kwa mwezi. Siku ya Jumatano ikapangwa, saa nne asubuhi.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa na mkataba Zambia, kampuni ya samaki kando ya ziwa, chumba cha baridi kilichokuwa kimekataa mafundi watatu. Ningeweza kumtuma msaidizi wangu. Nasema hivyo leo. Wakati ule niliona kwamba hakuna msaidizi anayeweza kazi niliyoitiwa mimi, na kwamba simu ingetosha. Nilikuwa nimeishi nje kwa simu miaka kumi na mmoja.

Baba naye alikuwa ameamua la kufanya na sauti iliyobaki. Aliigawa kama mtu anayegawa shamba. Jumapili aliomba kanisani, kwa shida, na watu wakalia. Dada angepata maneno yake Jumatatu jioni. Mama angepata yake Jumatano alfajiri, kabla ya wauguzi kuja. Yangu, kifungua mimba, alitaka yawe ya mwisho kabisa. Nilimwambia nitampigia saa tatu.

"Kwa laini yako?" akauliza.

"Kwa laini yangu, baba. Nanunua mpango wa kupiga na kupokea nikiwa huko."

"Basi yako nitayaweka." Sauti ilikuwa imebaki kama karatasi inayokunjwa.

Mpango niliununua Jumatatu, katika duka la simu mjini Thika. Msichana wa kaunta alinichagulia bando la dakika la nchi ile, akaniuzia, kisha akavuta kijikaratasi aanze kunieleza. Alisema bando pekee halitoshi, lazima kwanza laini yenyewe ifunguliwe itumike nje, na ifunguliwe nikiwa bado Kenya. Kulikuwa na nambari fupi ya kupiga, inayoanza na nyota na kuishia na alama ya reli. Nilikuwa nimeshasimama.

"Madam, nimeishi Ghuba miaka kumi na mmoja na laini hii hii. Mambo haya nayajua."

"Sawa boss, lakini ukirudi nyumbani huwa wanaifunga. Ngoja tu nikuonyeshe."

"Mhudumie aliye nyuma yangu," nikasema.

Kijikaratasi kilibaki juu ya kaunta. Nakikumbuka vizuri, kilikuwa cha manjano.

Nilitua Jumanne, gari la kampuni likanichukua moja kwa moja hadi ziwani. Simu ilikuwa na saa na picha ya nyumba yangu, basi. Mtandao hakuna. Niliizima nikaiwasha. Nilitoa laini nikaipangusa kwa shati. Nilipanda juu ya mnara wa tangi la maji, mtu wa miaka hamsini na viatu vya kazi, nikaiinua juu kana kwamba tatizo lilikuwa kimo changu. Mwishowe karani wa kampuni aliniazima simu yake nikapigia kituo cha wateja Nairobi. Kijana wa upande ule alikuwa na adabu. Alisema bando langu lipo salama, ila laini haijafunguliwa kutumika nje, na nilipaswa kuifungua kabla ya kuondoka. Aliniuliza maswali ya kuthibitisha ni mimi, akasema ataomba ifunguliwe kutoka kwao. Huenda ikachukua hadi siku nzima.

Simu ya karani ilikuwa bado mkononi mwangu. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, baba alikuwa kitandani hospitalini, mzima, na nambari yake naijua kwa moyo. Sikumpigia. Nilikuwa nimesema laini yangu. Nilisema moyoni kwamba asubuhi itakuwa imefunguka, na kwamba hakuna haja ya mzee kujua kuwa nilikwama. Nikamrudishia karani simu yake.

Asubuhi haikuwa imefunguka. Kibanda cha kuuza laini kilifunguliwa saa mbili ya kwao, ambayo Thika ilikuwa saa tatu tayari. Nilisubiri mlangoni tangu kulipopambazuka. Nikasajiliwa, nikapewa laini ya huko, nikampigia baba.

Iliita hadi ikakatika. Nikapiga tena. Safari hii ilikatwa katikati, na mkono uliokata niliujua. Nikapiga mara ya tatu, ikakatwa mara moja. Nikaandika ujumbe nikiwa nimesimama barabarani: Baba, ni mimi. Laini yangu imekataa. Natumia hii. Shika tafadhali. Nilipoutuma ndipo nilipousoma. Ulikuwa ule ule. Hata maneno yalikuwa karibu yale yale.

Nikampigia dada. Hakushika, kwa kuwa naye alikuwa sebuleni siku ile na ndiye aliyeiandika kalenda. Nikaweka data, nikamtumia ujumbe wa sauti asikie ni mimi. Dakika zilipita. Alipiga kutoka sokoni, kelele za wachuuzi nyuma yake.

"Brathe, ni wewe kweli? Nilidhani ni wale wezi."

"Mpigie baba umwambie ashike hii nambari. Sasa hivi."

Alikata. Nikasimama nikiitazama simu. Kisha akapiga tena. Akasema simu ya baba imezimwa.

Mgonjwa aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha alikuwa amekunywa chai asubuhi, hawezi kupasuliwa na chai tumboni. Kwa hivyo baba alichukuliwa kabla ya saa yake. Mama alipewa nguo zake, kofia yake na simu, akaambiwa aizime wodini.

Nilirudi kwenye chumba cha baridi nikafanya kazi, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Niliitengeneza ile mashine. Mafundi watatu walishindwa, mimi nilimaliza kabla ya saa saba. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya mtambo laini yangu ya Kenya ilipofunguka ndani ya mfuko. Simu ilitetemeka mfululizo. Ujumbe wa kwanza ulinikaribisha Zambia na kunitakia safari njema. Ujumbe wa pili ulisema nambari ya baba ilijaribu kunipigia mara tano asubuhi hiyo.

Niliporudi Kenya mama alinieleza yote, akiwa ameketi kwenye benchi nje ya wodi, mkoba mapajani. Baba alikaa kitandani tangu saa mbili na nusu, simu kifuani. Alinipigia, hakunipata, akasema labda bado niko angani. Nambari ngeni ilipoita alivaa miwani akaisoma tarakimu moja moja, akamwonyesha mama kwamba si ya Kenya. Mama alimwambia huenda ni mimi. Baba akatikisa kichwa. "Huyo ni mwizi," alisema. "Kijana yangu ana laini yake." Ujumbe ulipoingia aliusoma kwa sauti, kisha akacheka, na mama alisema alicheka vizuri, kama zamani. "Wamenifuata hata hospitali." Muuguzi alifika na kiti cha magurudumu akingali anacheka. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho, na yaliwaendea matapeli.

Nilipoingia alikuwa na bandeji shingoni na bomba dogo lililopumua peke yake. Mama alikuwa amemnunulia daftari la shule na kulifungia kalamu kwa uzi. Nilianza kueleza, nikamweleza habari ya bando, nyota na reli, msichana wa kaunta, kibanda. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaandika, kwa herufi kubwa za mtu aliyejaza fomu za kiwandani maisha yake yote: ULISEMA NISISHIKE.

Hakuwa amekasirika. Macho yake yalikuwa yakisubiri nimwambie kwamba alifanya vizuri. Nikamwambia alifanya vizuri.

Baada ya wiki mbili, akiwa nyumbani Landless, nilimwomba aandike yale aliyokuwa ameniwekea. Aliishika kalamu kwa muda mrefu. Aliiweka ncha kwenye karatasi, nikaona nukta ya wino ikipanuka. Kisha akalifunga daftari, akanigonga kifuani kwa kiganja mara mbili, akaashiria chai. Nilimwomba tena Krismasi. Ilikuwa vivyo hivyo. Dada alinisimulia yake, mama hakusema yake na sikumuuliza. Yangu sijui.

Mwezi uliopita nilipata kazi nyingine Zambia, kampuni ile ile, maana sifa ya kazi yangu ilikuwa imebaki pale. Nilikwenda Thika, duka lile lile, msichana yule yule. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikamwacha aeleze hadi mwisho, na pale nilipoelewa tayari nilimwacha aeleze vilevile. Alinitazama kidogo kama anayenikumbuka. Nilipiga ile nambari fupi mbele yake, nikasubiri jibu kwamba laini imefunguliwa, kisha nikakunja kijikaratasi nikakitia ndani ya pasipoti.

Nilipotua, simu ilipata mtandao kabla ndege haijasimama. Nilimpigia baba nikiwa bado kwenye foleni ya kugongewa muhuri. Alishika kwenye mlio wa kwanza. Nikasikia pumzi inayopita kwenye tundu, kisha ukucha wake ukigonga simu mara mbili, ambayo ndiyo namna yake siku hizi ya kuniuliza kama nimekula.

"Bado, baba," nikasema. "Ndiyo kwanza nimefika."

Akagonga tena mara mbili. Foleni ilisogea. Nikamweleza nitakula wapi, na kazi itachukua siku ngapi, na kwamba waliniita kwa jina, hawakutaka fundi mwingine. Nilikuwa na dakika nyingi. Nikaendelea kuongea.